Ini la Panya na Ushahidi wa Sumu

Mwaka 1941 watafiti watatu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Wilson, DeEds na Cox, walichapisha taarifa iliyoizima biashara kabla haijafunguliwa. Kulikuwa na kemikali mpya, asetilaminofluorini, iliyokusudiwa kuwa dawa ya kuua wadudu mashambani. Dozi moja haikumdhuru mnyama kwa namna ya kutisha, na kwa vipimo vya siku zile ilistahili kuitwa dawa ya upole. Lakini watafiti hao hawakuishia kwenye dozi moja. Waliichanganya na chakula cha panya wa maabara, wakawalisha kwa miezi mingi, kisha wakawapasua. Walikuta uvimbe wa saratani kwenye ini, kwenye kibofu, kwenye matiti na kwingineko. Dawa ile haikufika shambani. Wakulima ambao wangeinyunyiza kila msimu hawakuwahi kujua wameepushwa na nini.

Kilichowasumbua wanasayansi ni mahali uvimbe ulipotokea. Mwaka 1915 huko Tokyo, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walikuwa wamepaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, na saratani ikaota palepale ngozi ilipopakwa. Hiyo ilieleweka kwa urahisi. Kemikali hii mpya ilimezwa pamoja na chakula, ikapita tumboni bila kelele, ikazusha maradhi mbali. Wajapani wengine walikwisha kuona jambo la namna hiyo katika miaka ya 1930: Takaoki Sasaki na Tomizo Yoshida, na baada yao Riojun Kinosita, waliwalisha panya rangi za viwandani, mojawapo ikiwa rangi ya njano iliyotumika kutia siagi, wakapata saratani ya ini. Ini lilikuwa likitajwa tena na tena, na hakuna aliyejua kwa nini.

Jibu lilitoka Madison, Wisconsin, kwa mtu na mkewe, James na Elizabeth Miller, waliofanya kazi pamoja kwa miongo kadhaa katika maabara ya McArdle. Mwaka 1947 walionyesha kwamba ukimlisha panya ile rangi ya siagi, kisha ukatoa protini za ini lake na kuziosha kwa viyeyusho vyote unavyovijua, rangi haitoki. Imeshikamana na protini zenyewe. Wakajiuliza inashikamana vipi, maana rangi ile ikichanganywa na protini kwenye chupa haishiki kitu. Ilibidi ini liwe limeifanyia jambo fulani kwanza. Mwaka 1960, wakiwa na mwenzao Cramer, walilikamata jambo hilo kwenye mkojo wa panya waliolishwa asetilaminofluorini: kemikali ileile, lakini ikiwa imeongezewa oksijeni kwenye naitrojeni yake. Zao hili la ini lilikuwa kali kuliko kemikali mama. Walipowageukia simbilisi, ambao ini lao halitengenezi zao hilo, simbilisi hawakupata saratani.

Msomaji ashike hapo, kwa kuwa kila kitu kinachofuata katika historia hii kimejengwa juu ya ugunduzi wa akina Miller. Kazi ya ini ni kusafisha damu. Kitu kigeni kisichoyeyuka majini kikiingia mwilini, vimeng'enya vya ini hukibandika oksijeni, kisha hukifunga na sukari au chumvi ya salfa, ili kitoke na mkojo au nyongo. Mara nyingi kazi hiyo huenda salama. Ila zipo kemikali ambazo, zikiwa katikati ya safari hiyo ya kutolewa nje, hugeuka kuwa na kiu kali ya kushikamana na chochote kilicho karibu, ikiwemo DNA ya seli inayojaribu kuzitoa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kemikali inaharibu jeni, haitoshi kuiweka mbele ya DNA na kungoja. Lazima kwanza uipitishe kwenye ini.

Mwaka 1960 uleule, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Huku kwetu Afrika Mashariki vifaranga vya bata vilikuwa vikifa Kenya na Uganda kwa mashudu yaliyokamuliwa hapahapa, na ni kutoka kwenye karanga za Uganda zenye sumu kali ambapo kuvu la Aspergillus flavus lilitengwa mwaka 1961. Sumu yake ikaitwa aflatoksini, ambayo Tanzania sasa tunaiita sumukuvu. Mwaka huohuo wa 1961 ilitangazwa kwamba panya waliolishwa mashudu yale wanapata saratani ya ini. Mwaka 1963 kundi la Gerald Wogan na George Büchi, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, liliuchora muundo wa sumu yenyewe. Miaka 11 baadaye Wogan na wenzake walitoa hesabu ambayo inanitia hofu kila ninapoisoma: panya waliokula chakula chenye mikrogramu 100 za aflatoksini kwa kila kilo walipata saratani ya ini wote 28. Waliokula mikrogramu 50 waliugua 20 kati ya 25.

Nayo aflatoksini haiigusi DNA mpaka ini liipe makali. Vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa epoksaidi, umbo lisilodumu hata kidogo, nalo hujipachika kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Kufikia mwaka 1977 umbo la pachiko hilo lilikuwa limechorwa na kuthibitishwa.

Kuliingiza ini kwenye kipimo kulianza kwa njia ya mkato. Katika Uingereza ya miaka ya 1950, Peter Magee na John Barnes walichunguza kiyeyusho cha viwandani kiitwacho dimethilinitrosamini, baada ya watu waliokitumia kazini kuugua ini. Mwaka 1956 walionyesha kwamba kinaleta saratani ya ini kwa panya. Kumbe ukikiweka kiyeyusho hicho mbele ya bakteria hakibadili jeni hata moja. Mwaka 1971 Heinrich Malling, akiwa Oak Ridge, Tennessee, alisaga ini la vipanya, akachukua sehemu yake yenye vimeng'enya, akaichanganya na kiyeyusho na bakteria pamoja. Safari hii jeni za bakteria zilibadilika.

Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyeigeuza njia hiyo kuwa kipimo cha dunia nzima. Alikuwa na bakteria aina ya salmonela walioharibiwa jeni moja kwa makusudi, wasiweze kujitengenezea histidini, kirutubisho wasichoweza kuishi bila hicho. Wakiwekwa kwenye sahani isiyo na histidini hawaoti, isipokuwa yule ambaye jeni yake imebadilishwa tena na kurudia hali ya kufanya kazi. Mtafiti huweka bakteria, kemikali na maji ya ini la panya, kisha baada ya siku mbili anahesabu vidoa vilivyoota. Ini hilo lenyewe huandaliwa: panya huchomwa sindano ya Aroclor, mafuta yaliyotumika kwenye transfoma, siku tano kabla, ili vimeng'enya vyake viongezeke. Taarifa ya mwaka 1973 ilibeba kichwa cha habari kilichotangaza kwamba visababishi vya saratani ni vibadili jeni. Mwaka 1975 Ames na wenzake walijaribu dawa 169 za kupaka nywele rangi zilizokuwa zikiuzwa madukani, na 150 kati yake zikabadili jeni za bakteria. Watengenezaji wakalazimika kubadilisha michanganyiko yao. Ni kipimo cha bei nafuu, cha haraka, na kimeokoa watu wengi. Silidharau hata kidogo.

Lakini ini lililosagwa si ini. Kwenye maji yale vimeng'enya vya kunoa sumu vimebaki na nguvu, huku vile vya kuifunga na kuitoa vimekosa vitu vinavyovihitaji ili vifanye kazi. Hakuna utando wa seli, hakuna kiini, hakuna ukarabati. Na bakteria hana kiini cha seli kama chetu. Wapo waliotaka kuuliza swali lilelile kwa seli nzima ya ini iliyo hai, na kikwazo chao kilikuwa cha mikono: seli za ini zimegandamana kiasi kwamba ukizikwangua zinapasuka.

Mwaka 1969 Berry na Friend walikipita kikwazo hicho kwa kutumia kolajenasi, kimeng'enya kinachokula nyuzi zinazozishikilia seli pamoja. Per Seglen wa Oslo akaiboresha njia hiyo katika miaka ya 1970, na hadi leo inafuatwa karibu vilevile. Panya hupewa nusukaputi. Tumbo hufunguliwa, na mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu ya utumbo katika ini. Kwanza hupitishwa maji yenye joto la mwili, nyuzi 37, yasiyo na kalsiamu. Mara ini zima hupauka, kutoka wekundu wa damu hadi rangi ya kahawia iliyofifia, na fundi mzoefu hujua hapo kama mrija umekaa sawasawa, kwa sababu kipande kitakachobaki chekundu hakikupata maji. Kisha hufuata kolajenasi. Baada ya dakika chache ini hulegea ndani ya ngozi yake nyembamba kama uji uliofungwa kwenye mfuko. Hapo hutolewa, ngozi ikachanwa, na seli zikachanuliwa taratibu kwa kitana cha chuma ndani ya sahani. Panya mmoja hutoa mamia ya mamilioni ya seli. Zikimiminwa kwenye sahani zenye vipande vyembamba vya kioo, ndani ya saa mbili zilizo hai huwa zimeshika chini, na zilizokufa huoshwa zikaondoka.

Kilichobaki ni namna ya kuona jeni iliyoumizwa, na hiyo ilikuwa imeandaliwa na watu waliokuwa wakichunguza mionzi. Mwaka 1964 Rasmussen na Painter walionyesha kwamba seli iliyopigwa mwanga wa urujuanimno huanza kutengeneza DNA hata kama haiko katika wakati wake wa kugawanyika. Inakarabati. Inakata kipande kilichoharibika na kujaza pengo kwa herufi mpya. Ukiipa seli thimidini yenye haidrojeni ya mnururisho, herufi zinazojazwa kwenye mapengo zitakuwa na alama, na alama hiyo inaweza kupigwa picha.

Gary Williams, wa Naylor Dana Institute huko Valhalla katika jimbo la New York, aliyaunganisha mambo hayo mawili. Katika miaka ya 1976 na 1977 alichapisha kipimo chake: seli za ini la panya zilizochanuliwa, kemikali inayoshukiwa, na thimidini yenye mnururisho, vyote katika sahani moja. Uteuzi wa ini ulikuwa na faida mbili kwa mpigo. Seli yenyewe ndiyo inayoinoa kemikali, na yenyewe ndiyo inayojeruhiwa na kujitibu. Tena seli za ini la panya mzima ni nadra kugawanyika, kwa hiyo karibu DNA yote mpya inayoonekana ni ya ukarabati.

Kazi ya kuhesabu ilihitaji subira ambayo leo imeanza kusahaulika. Baada ya seli kukaa na kemikali usiku kucha, hadi saa 18 au 20, vioo huoshwa, seli zikakaushwa, kisha ndani ya chumba cha giza huchovywa kwenye urojo uleule wa fedha unaopakwa kwenye filamu za picha. Vioo hufungiwa kwenye sanduku lisilopenya mwanga na kuwekwa kwenye baridi kwa wiki moja au zaidi, mnururisho ukichora polepole. Vikisafishwa na kupakwa rangi, chini ya hadubini huonekana kiini cha kila seli kikiwa na chembe nyeusi za fedha juu yake. Mhesabuji huhesabu chembe zilizo juu ya kiini, kisha huhesabu zilizo kwenye eneo la ukubwa huohuo nje ya kiini, na kutoa. Wastani wa tofauti ukifika chembe tano au zaidi, kwa kigezo cha maabara nyingi, kemikali ilihesabiwa kuwa imeiumiza DNA. Kiini kilichojaa weusi mtupu kilirukwa, maana seli hiyo ilikuwa ikijigawanya kwa kawaida. Asetilaminofluorini, ile dawa ya wadudu ya mwaka 1941, ikawa kemikali ya kusahihishia: maabara isiyopata chembe nyingi kwayo ilijua kipimo chake kina kasoro.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote katika historia hii kilitokea North Carolina, katika taasisi ya uchunguzi wa sumu za viwandani iliyojulikana kwa kifupi CIIT. Palikuwa na kemikali iitwayo dinitrotoluini. Ni malighafi ya baruti, lakini zaidi ni hatua mojawapo ya kutengeneza sponji, ile ya magodoro na viti. Panya waliolishwa dinitrotoluini ya kiwandani walipata saratani ya ini, madume kuliko majike. Basi watafiti wa CIIT wakaichukua, wakaiweka kwenye seli za ini kwa njia ya Williams. Hakuna chembe za fedha. Wakarudia, hakuna. Kwa mujibu wa kipimo, kemikali iliyojaza uvimbe katika maini ya panya haikuwa na kosa.

Kipimo kingeweza kutupwa hapo, au, vibaya zaidi, kemikali ingeweza kuachiwa huru. Jon Mirsalis na Byron Butterworth hawakufanya lolote kati ya hayo. Mwaka 1980 walichapisha namna nyingine ya kuuliza: mpe kemikali panya aliye hai, kwa mpira mwembamba unaopita kooni hadi tumboni; mwache saa kadhaa; ndipo uchanue ini lake na kuzipa seli thimidini. Yaani mwili mzima ufanye kazi yake kwanza, na seli zitolewe zikiwa tayari na majeraha yake. Kwa njia hii dinitrotoluini ilijaza viini chembe nyeusi, kwa madume zaidi ya majike.

Kwa hiyo palikuwa na kitu katika mwili mzima kisichokuwamo kwenye sahani. Mwaka 1982 walikitaja katika jarida la Nature. Waliwachukua panya waliozaliwa na kukuzwa bila bakteria wowote tumboni, wakawapa dinitrotoluini. Maini yao hayakuonyesha jeraha. Panya wa kawaida, wenye bakteria, walijeruhiwa. Safari ya sumu ile ikaeleweka hatua kwa hatua: ini huichakata dinitrotoluini, huifunga na sukari na kuitupa kwenye nyongo, nyongo huipeleka utumboni, bakteria wa utumbo huikata sukari ile na kuigeuza kemikali kwa namna yao, mwili huinyonya tena, damu huirudisha kwenye ini, na ini, likidhani linasafisha, huikamilisha kuwa silaha. Madume hutoa sehemu kubwa zaidi kwa njia ya nyongo, majike zaidi kwa mkojo, na hiyo ndiyo sababu ya tofauti kati yao. Hakuna sahani ya maabara ya wakati ule ingeweza kukigundua kisa hicho, kwa sababu mshiriki mmoja alikuwa nje ya seli, nje ya ini, na wala hakuwa panya.

Mimi naona hilo ndilo somo kubwa la karne iliyopita katika fani hii, na linastahili kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa famasia na afya ya jamii. Kipimo kinachosema hapana kinasema hapana kwa mazingira yake tu.

Kulikuwa pia na upande wa pili. Kadiri kemikali nyingi zilivyopitishwa, zilijitokeza zile zilizowapa panya saratani ya ini bila kuigusa DNA kabisa, ama kwenye sahani ama kwenye mnyama mzima. Klofibrati, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, ni mojawapo. Kemikali hizo huchochea seli za ini zijigawanye au zibadili mwenendo, na uvimbe hufuata kwa njia nyingine. Williams na John Weisburger wakapendekeza kuzigawa sumu za saratani katika makundi mawili, zile zinazopiga jeni na zile zisizopiga. Mgawanyo huo una uzito kwa mlaji, kwa sababu kwa kemikali inayopiga jeni wasimamizi wengi huona ni vigumu kutaja kiwango kidogo kisicho na hatari yoyote. Mwaka 1987 Raymond Tennant na wenzake wa mpango wa taifa wa sumu wa Marekani walipima kemikali 73, na kipimo cha Ames kikatambua 20 tu kati ya 44 zilizokuwa zikileta saratani kwa wanyama. Matumaini ya mwaka 1973 yalikuwa makubwa mno, na ni vizuri yalisahihishwa hadharani.

Serikali ziliviingiza vipimo vya ini kwenye kanuni. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilipitisha kipimo cha sahani kama mwongozo namba 482 mwaka 1986, na kile cha mnyama mzima kama namba 486 mwaka 1997, kikitaka angalau wanyama watatu kwa kila kundi na seli 100 zihesabiwe kwa kila mnyama. Mwaka 2014 mwongozo 482 ulifutwa, na ndani ya mwaka huohuo ukapitishwa namba 489, kipimo kiitwacho kometi. Chanzo chake ni kazi ya Östling na Johanson ya mwaka 1984, iliyoendelezwa na Narendra Singh na wenzake mwaka 1988. Seli hufungiwa kwenye utando wa jeli, huyeyushwa hadi ibaki DNA, kisha hupitishiwa umeme. DNA nzima hukaa mahali pake. Iliyokatika huvutwa na umeme na kutoa mkia. Hakihitaji mnururisho wala wiki za giza, na kinaweza kufanywa kwa ini, tumbo, figo au kiungo kingine chochote. Kile cha chembe za fedha kinaona ukarabati wa aina fulani tu, na majeraha mengine hukipita.

Juu ya panya wenyewe lazima niseme neno. Wengi walikufa ili sisi tujue haya, na wajibu wetu kwao ni kutowarudia bure. Mwongozo wa leo unahimiza vipimo vya ini na vya damu vifanywe kwa wanyama walewale kila inapowezekana, na maabara nyingi zinazidi kutumia seli za ini la binadamu zinazokuzwa kwa muda mrefu. Naunga mkono mwelekeo huo kwa moyo wote, alimradi kisa cha dinitrotoluini kisisahaulike njiani.

Swali lililobaki ni kama ini la panya linasema kweli juu ya ini la mtu. Kwa aflatoksini jibu limepatikana, na limepatikana kwa sehemu kubwa Afrika. Kipanya mzima huvumilia dozi zinazomuua panya mkubwa kwa saratani, kwa sababu ini lake lina kimeng'enya chenye nguvu kinachoikamata epoksaidi kabla haijafika kwenye DNA. Ini la binadamu halina kinga ya kiwango hicho. Mwaka 1971 ilichapishwa kazi iliyopima sampuli 480 za vyakula kutoka sehemu mbalimbali za Uganda: karibu theluthi moja zilikuwa na aflatoksini, na Karamoja, kulikokuwa na saratani ya ini kwa wingi, kulikuwa na uchafuzi mwingi vilevile. Mwaka 1973 Frank Peers na Allen Linsell walichapisha utafiti wao wa Murang'a nchini Kenya, ambako chakula kilichukuliwa kutoka kwenye sahani za watu katika nyanda za juu, za kati na za chini. Sumu iliongezeka kadiri walivyoshuka, na saratani ya ini pia. Mwaka 1991 makundi mawili, moja likichunguza wagonjwa wa Qidong nchini China na jingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, yaligundua badiliko lilelile la herufi moja katika jeni iitwayo p53, mahali namba 249, guanini ikiwa imegeuka. Ilikuwa alama ya kidole ya aflatoksini ndani ya uvimbe wa binadamu, ya namna ambayo maini ya panya yalikuwa yametutayarisha kuitarajia.

Sasa weka hesabu mbili pamoja. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya mahindi na 125 wakafa. Wachunguzi walikusanya sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko 65 ya eneo hilo. Asilimia 35 zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 100 kwa kilo, kiwango kilichowapa saratani panya wote 28 wa Wogan. Ni kweli panya wale walikula chakula hicho maisha yao yote, na si kila familia hula unga mbaya mwaka mzima. Lakini Machakos iliwahi kupoteza watu 12 kwa sumu hiyohiyo mwaka 1981, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara ziliripoti wagonjwa 68 na vifo 20. Hao ni waliokufa kwa wiki chache kwa dozi kubwa. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawaingii kwenye taarifa ya mlipuko.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mahindi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na 5 za ile kali zaidi, B1. Kiwango kipo, na sayansi iliyokizaa imegharimu zaidi ya nusu karne. Ewe unayevuna, kausha mahindi yako juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo, na usiyafungie gunia yakiwa na unyevu. Ewe unayenunua kwa ajili ya shule au hospitali, dai cheti cha kipimo kabla gunia halijashushwa. Na punje zilizoota ukungu msizichague mkazipeleka bandani: kupika hakuiondoi sumu hii, na ng'ombe akiila huitoa kwenye maziwa.